Mlima wa watu una mwenyewe, wewe unaleta katapila!

Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013 sidhani kama kuna mtu wa Dar es Salaam aliyeisahau. Asubuhi ile jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa pale mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilishuka chini lote. Watu 36 walipoteza maisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walioacha kwenda kanisani wakaenda kusimama nyuma ya kamba, nikimeza vumbi na kusikiliza watu wakibishana nani yumo ndani na nani katoka.

Kuna kitu ambacho siku ile sikukijua. Usiku wa kuamkia hapo, sisi Bongo tukiwa bado tunakoroma, huko Tibet kulikuwa kumeanza kupambazuka. Alfajiri hiyo kipande cha mlima kilimeguka katika bonde linaloitwa Gyama, upande wa mashariki wa mji wa Lhasa. Udongo na mawe kiasi cha mita za ujazo milioni 2 viliteremka kama kilomita tatu, vikapita juu ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Wafanyakazi 83 walifunikwa wakiwa wamelala. Hakupona hata mmoja.

Tarehe moja, Ijumaa moja. Nilikuja kulijua hilo baadaye sana, na tangu nilijue nimekuwa nikiufuatilia mgodi ule kama mtu anayefuatilia timu yake.

Najua wewe msomaji unajiuliza, Tibet na sisi wapi na wapi? Subiri nikuonyeshe. Agosti 2012 magazeti yetu yaliandika kuwa kampuni ya Barrick ya Kanada ilikuwa kwenye mazungumzo ya kuuza hisa zake asilimia 74 za African Barrick Gold, wale waliokuwa na Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mnunuzi? Shirika la serikali ya China linaloitwa China National Gold. Januari 2013 mazungumzo yakavunjika, dili likafa. Miezi miwili baadaye ule mlima ukaanguka Gyama, kwenye mgodi wa kampuni ambayo mwenye hisa nyingi zaidi ni nani? China National Gold huyo huyo. Yaani ilibaki kidogo tu bosi wa Gyama awe bosi wa Kahama.

Na mwenye mgodi wa Gyama kwenye makaratasi si kampuni ya Beijing. Anaitwa China Gold International Resources, ofisi yake iko Vancouver, Kanada, na hisa zake zinauzwa soko la Toronto na la Hong Kong. Vancouver ndiyo ilikotoka pia Sutton Resources, waliokuwa na Bulyanhulu mwaka 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa pale, kabla ya kumuuzia Barrick mwaka 1999. Dunia ya madini ni mtaa mdogo sana, washkaji wanajuana.

MLIMA UNA MWENYEWE

Tukumbushane jiografia kidogo, maana najua wengi wetu kipindi hicho tulikuwa tunachapa usingizi. Tibet ni uwanda wa juu, juu haswa. Yale maporomoko ya Gyama yalitokea kwenye urefu wa mita 4,600 hivi. Ukipanda Mlima Meru wa Arusha mpaka kileleni, ukafika unahema kama mbwa, ndio kwanza umekaribia mahali ambapo watu wa kule wanafanyia kazi. Kwenye uwanda huo ndiko inakoanzia Mekong, Salween, Indus, Brahmaputra, Yangtze na Mto Manjano. Nusu ya Asia inakunywa maji yanayotoka huko.

Majeshi ya China yaliingia Tibet mwaka 1950. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wao mkuu wa dini, alikimbilia India. Serikali ya China inasema Tibet ni sehemu yake tangu enzi za mababu, Watibeti walioko uhamishoni wanasema hapana. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini hata jina ambalo Wachina wanaiita Tibet, Xizang, lina neno ambalo maana yake mojawapo ni ghala, au stoo ya hazina. Mtu anayeiita nyumba yako stoo, jiulize anaitazama vipi.

Na Watibeti wenyewe wanaitazama vipi? Kwao mlima una mwenyewe. Kila bonde lina mwenye ardhi wake asiyeonekana, na kila kijiji kina mlima wake unaofukiziwa ubani na kufungiwa vitambaa vya dua. Ukichimba ovyo unamuudhi, naye akiudhika mvua ya mawe inashuka, mifugo inakufa, watu wanaugua. Na hawa ni Wabudha, wana monasteri, wana vitabu vyao vya maelfu ya kurasa. Usije ukadhani ni watu wa porini wasiojua kitu.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana. Mwaka 1913 Dalai Lama wa 13, mtangulizi wa huyu wa sasa, aliona dunia inakimbia, akachagua vijana wanne akawapeleka Uingereza wakasome shule ya Rugby, ile ile uliyotoka mchezo wa rugby. Mmoja wao, mtawa kijana aliyeitwa Mondrong, akasomea uchimbaji wa madini. Akarudi nyumbani na vifaa vyake na Kiingereza chake, akaanza kuzunguka kutafuta dhahabu. Kila alipotia sururu, wakuu wa monasteri ya karibu wakawa juu: bwana mdogo, unaamsha mizimu, utatuharibia mavuno. Akihamia bonde lingine, kelele zile zile. Mwisho akanyoosha mikono, akapewa kazi nyingine serikalini. Kijana kasoma Ulaya, karudi na fani ya pesa, halafu anaambiwa aache. Kama ni wewe ungechemka.

Ila nisije nikakudanganya kuwa Watibeti hawakugusa dhahabu kabisa. Waligusa. Mwaka 1867 Nain Singh, mpelelezi wa Kihindi aliyetumwa na Waingereza, alifika machimbo ya dhahabu ya Thok Jalung huko magharibi ya Tibet, akakuta wachimbaji wanaishi kwenye mahema ya manyoya ya yaki kwenye baridi isiyoelezeka. Na masanamu yao ya Budha yamepakwa dhahabu mpaka yanatia uvivu macho. Kilichokuwepo ni mipaka. Wasafiri wa zamani waliandika kuwa kuna mahali bonge la dhahabu likiokotwa lilirudishwa ardhini, kwa imani kwamba ndilo mzazi, likiondolewa vumbi la dhahabu halitazaliwa tena. Sisi bonge hilo lingelala sonara siku hiyo hiyo.

WAGENI NA DRILI ZAO

Miaka ya 1990 mwishoni China ikaanza kuyafungua majimbo yake ya magharibi, wageni wakakaribishwa. Hapo ndipo Watibeti walioko nje, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, walipoamka.

Mechi ya kwanza kubwa haikuwa ya madini, ilikuwa ya Benki ya Dunia. Mwaka 1999 benki hiyo iliidhinisha mkopo wa dola milioni 160 kwa China, ambapo dola milioni 40 zilikuwa za kuwahamishia wakulima karibu 58,000, wengi wao wasio Watibeti, kwenye wilaya ya Dulan mkoani Qinghai, eneo la wafugaji wa Kitibeti na Kimongolia. Zikapigwa kelele, si mchezo. Watu wawili, Gabriel Lafitte wa Australia na Daja Meston wa Marekani, wakaenda wenyewe Dulan kuona. Wakakamatwa pamoja na mkalimani wao. Meston akatoka kupitia dirishani, ghorofani, akaanguka na kuumia vibaya mgongo na miguu. Picha zake akiwa hoi kitandani ziliwatoa jasho wakubwa wa Washington. Julai 2000 China ikasema basi, kaeni na hela zenu, sisi tutafanya kwa fedha yetu.

Wanaharakati wakashangilia. Weka alama kwenye hiyo sentensi ya “kwa fedha yetu”, maana tutakutana nayo tena.

Mwaka huo huo wa 2000 kampuni ya mafuta ya PetroChina iliuza hisa, na BP ya Uingereza ikanunua. PetroChina ilikuwa inatandaza bomba la gesi kutoka bonde la Tsaidam, eneo ambalo Watibeti wanalihesabu kuwa lao, kwenda mji wa Lanzhou. Wanaharakati wakaibana BP mpaka kwenye mkutano wake wa wanahisa. Mwaka 2004 BP ikauza hisa zake zote, na faida nono ikatia mfukoni. Gesi ikaendelea kupita bombani kama kawaida.

Kisha wakaja Wakanada. Hawa ndio wenyewe. Kampuni ndogo ndogo za Vancouver na Toronto, ambazo kazi yake ni kutoboa mashimo ya utafiti, kutangaza “tumeona!”, hisa zipande, halafu ziuze. Continental Minerals walikuwa na mradi wa shaba na dhahabu karibu na Shigatse, mji wa pili kwa ukubwa Tibet. Inter-Citic walikuwa na dhahabu ya Dachang huko Qinghai. Eldorado Gold walikuwa na mgodi wa Tanjianshan, Qinghai hiyo hiyo.

Reli kutoka Golmud mpaka Lhasa, kilomita 1,142, ilifunguliwa Julai 1, 2006, na hapo mambo yakakolea, kwa sababu shaba ni mzigo mzito, haibebwi kwa yaki. Vijana wa Kitibeti wa Toronto, wengine wamezaliwa ukimbizini na Tibet hawajawahi kuiona, wakaanzisha kampeni ya kuwataka Wakanada waache. Walisimama nje ya mikutano ya wenye migodi na mabango. Wengine walinunua hisa moja moja ili wapate haki ya kuingia ndani na kuuliza maswali. Hiyo mbinu naipa maksi: unalipa kiingilio, unapewa kiti, unamuuliza mwenyekiti uso kwa uso kama wenye ardhi waliulizwa.

Matokeo? Continental waliuza kwa Jinchuan ya China mwaka 2011. Inter-Citic waliuza kwa Western Mining ya China mwaka 2012. Eldorado waliuza Tanjianshan kwa Wachina mwaka 2016. Umeona mchezo? Mgeni anatoboa, anapigiwa kelele, anauza kwa bei nzuri, anakwenda zake. Shimo linabaki. Tena sasa linabaki mikononi mwa kampuni ambayo haina mkutano wa wanahisa huko Vancouver wa kwenda kununulia kiti.

Hapo ndipo ninapokwama mimi. Marafiki zangu wanaopenda siasa wananiambia kumfukuza mgeni ni ushindi. Mimi naona ni nusu ya ushindi, tena nusu ndogo. Lakini pia siwezi kuwaambia wale vijana wa Toronto wangekaa kimya. Walipiga mlango uliokuwa karibu nao.

KARATASI YA OTTAWA

Turudi Gyama. Bonde hili si bonde tu. Kwa mapokeo ya Watibeti ndipo alipozaliwa Songtsen Gampo, mfalme wa karne ya 7 aliyeiunganisha Tibet. Huyu jamaa alikuwa na kismati: wanasimulia alioa binti wa kifalme kutoka Nepal na mwingine kutoka China, na mabibi hao wawili wakaja na sanamu za Budha ambazo mahujaji wanazisujudia Lhasa mpaka leo. Kuchimba Gyama ni kuchimba kitovu cha mtu.

Kampuni ile ya Vancouver iliupata mgodi huu mwaka 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2009, wanakijiji na watu wa mgodi walikuwa wameshashikana kwa ajili ya maji wakati wa ukame. Ulipokuja kuanguka mlima mwaka 2013, wakubwa wa China wakasema ni janga la asili, mawe ya barafu ya kale yameteleza. Serikali ya Watibeti walioko uhamishoni India ikatoa ripoti yake: mchimbo ndio uliolegeza mlima. Kati ya wale 83 waliofunikwa, Watibeti walikuwa wawili tu. Wengine ni Wachina waliotoka mikoa mingine kutafuta riziki, kama kijana wa Kigoma anavyokwenda Geita. Wale nao walikuwa na mama zao. Na hesabu hiyo ya wawili kati ya 83 inakujibu lile swali la “mgodi unaleta ajira”. Ajira kwa nani?

Januari 2014 Kamati ya Kanada na Tibet ikafanya kitu ambacho hakikuwa na ngoma wala bango. Ikaandika malalamiko na kuyapeleka kwenye ofisi ya serikali ya Kanada inayosimamia miongozo ya OECD juu ya mwenendo wa kampuni zinazofanya kazi nje. Mambo ya mazingira, haki za binadamu, kutoa taarifa. Ofisi ikaiita kampuni ije mezani izungumze. Kampuni kimya. Ikaitwa tena. Kimya.

Aprili 2015 ofisi ikatoa hukumu yake. Haina nguvu ya kufunga mgodi, haina polisi. Ilichoweza ni kusema kuwa kampuni hii imekataa kuzungumza, kwa hiyo maofisa biashara wa Kanada wasiibebe tena huko nje, mpaka ijirekebishe. Ilikuwa mara ya kwanza Kanada kuitoza kampuni adhabu ya namna hiyo.

Utasema, ah, karatasi tu. Nami nilisema hivyo hivyo. Ila fikiria ni sehemu ngapi duniani ambapo mfugaji wa Gyama angeweza kupata karatasi yenye muhuri wa serikali yoyote inayosema kuwa hao wamekataa kukusikiliza. Lhasa asingeipata. Ameipata kwa sababu mgodi wake uliandikishwa Kanada. Kwa hiyo lile soko la hisa la Toronto lililoleta drili ndilo lililoleta na karatasi. Mambo mengine yanachanganya kichwa.

SAMAKI BARABARANI

Wakati wa nje wanabishana na Vancouver, wa ndani walikuwa wanakwenda wenyewe mlimani. Na wa ndani akikamatwa hana ubalozi wa kumpigia simu.

Mei 2013, miezi miwili tu baada ya Gyama, maelfu ya watu walipanda kwenye mlima mtakatifu wa Naglha Dzamba, wilaya ya Driru, wakaukalia wakiwa na hofu kuwa mashine zilizokuja ni za kuchimba. Askari waliletwa, lakini mradi ukasimama. Agosti mwaka huo huo, wilaya ya Dzatoe huko Qinghai, watu walikwenda kuziba njia ya wachimbaji, na huko askari waliwatawanya kwa nguvu. Mei 2016 wa Amchok mkoani Gansu nao wakaandamana kwa ajili ya mlima wao ulio na dhahabu.

Ila lililonishika mimi ni la Tagong, kwenye sehemu ya Kitibeti ya mkoa wa Sichuan. Huko kuna mto unaitwa Liqi, na juu yake kuna machimbo ya lithiamu ya Jiajika, moja ya akiba kubwa za lithiamu barani Asia. Lithiamu unaijua, hata kama jina hulijui. Iko kwenye betri ya simu uliyonayo mfukoni. Mwaka 2013 samaki walikufa mtoni, watu wakalalamika, mgodi ukasimamishwa. Mwaka 2016 kazi ikaanza tena, samaki wakafa tena.

Sasa uelewe, Watibeti wengi kwa jadi samaki hawali. Wanaona ni roho nyingi mno kwa shibe ndogo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa analilia kitoweo. Mei 4, 2016 wakaenda mtoni, wakawaokota samaki waliokufa, wakawaleta mjini na kuwamwaga barabarani. Wakasimama pale pembeni ya samaki wao. Magari hayapiti, harufu ile unaijua kama umewahi kupita Feri mchana wa jua kali. Siku mbili baadaye serikali ya wilaya ikatangaza kuwa mgodi umesimamishwa.

Mgodi ule wa Jiajika ulikuwa wa kampuni ya Kichina, hisa zake haziko Toronto. Hakuna mwanafunzi wa Kanada aliyenunua kiti. Samaki ndio waliofanya kazi.

Nilimsimulia jirani yangu, kijana wa kuuza simu pale Kariakoo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaigeuzageuza simu mkononi, akaniuliza, “Kaka, sasa unataka tuziache?” Sikuwa na jibu, na mwenyewe nilikuwa namsimulia huku nachaji yangu kwenye soketi yake.

Na Gyama? Mgodi ulirudi kazini, ukapanuliwa. Machi 27, 2023 bwawa lake la topesumu lilifurika, uzalishaji ukasimamishwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu ile Ijumaa itimize miaka kumi. Desemba 2023 sehemu ya kwanza ya mgodi iliwashwa tena, na Mei 2024 sehemu ya pili.